Aliyefungwa Ndiye Analipa: Gemu za Vibandani kati ya Ruiru na Thika

Tarehe 3 Desemba 1994, kampuni ya Sony ilianza kuuza mashine ya PlayStation nchini Japani. Siku nne baadaye, tarehe 7, chuo cha Juja, nchini Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1981 kwa msaada wa serikali ya Japani hiyo hiyo, kilizinduliwa kuwa chuo kikuu kamili, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Matukio hayo mawili hayakuhusiana kwa lolote. Lakini haikuchukua miaka mingi kabla ya wanafunzi wa Juja kuzoea kutoka darasani na kwenda kubanana kwenye benchi la mbao, kila mmoja akingoja zamu yake ya kushika pedi.

Juja iko katikati ya Ruiru na Thika, kwenye barabara moja. Katika kilomita hizo chache ilimea biashara ya chumba kimoja: televisheni, mashine, pedi mbili, benchi, na mtu wa kupokea sarafu. Wengi waliopita nje waliiona kuwa mahali pa vijana kupoteza wakati. Ukiichunguza kwa makini, utakuta humo majibu ya swali linalowagawanya watengenezaji wa gemu duniani hadi leo. Je, gemu imlazimishe mchezaji amudu kila mbinu iliyowekwa ndani yake, au imwache achague mbili tatu anazozipenda na kuendelea na safari?

Swali hilo lilipata moto mpya Machi 2020, kampuni ya id Software ilipotoa Doom Eternal. Gemu iliyoitangulia, ya mwaka 2016, ilimruhusu mchezaji kushikilia bunduki moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ile mpya ilimnyima raha hiyo. Risasi zilikuwa chache, kwa hiyo ilimbidi atumie msumeno ili apate nyingine. Akitaka ngao, sharti awachome maadui moto kwanza. Akitaka afya, awamalize kwa mkono. Kila silaha ilikuwa na adui wake, na aliyekataa kubadilisha silaha alikufa tena na tena. Mkurugenzi wake, Hugo Martin, aliutetea mpango huo waziwazi: mchezaji asukumwe mpaka aingie mahali ambapo gemu ina utamu wake wote. Wako waliomshukuru, na wako waliolalamika kwamba wamepewa kazi ya nyumbani. Kambi zote mbili zilizungumza kama watu wenye mashine sebuleni, wanaoweza kushindwa mara 30 kwa jioni moja bila kutoa hata senti.

Ruiru na Thika hakukuwa na wengi wa namna hiyo.

Thika ilifikiwa na reli mwaka 1913. Baada ya uhuru ilijaa viwanda hata ikabandikwa jina la Birmingham ya Kenya, huku mashamba ya mananasi yakiuzunguka mji. Ruiru ilijulikana kwa kahawa: kituo cha utafiti kilichoko hapo ndicho kilichotoa, mwaka 1985, aina ya Ruiru 11 inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Kisha mashamba yakaanza kukatwa ploti. Sensa ya mwaka 2009 iliwakuta watu wapatao 239,000 mjini Ruiru. Ile ya 2019 iliwakuta zaidi ya 490,000, karibu mara mbili ya wakazi wa Thika. Katikati ya sensa hizo mbili barabara kuu ya Thika ilijengwa upya, na Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki akaizindua. Nyumba za kupangisha zikapanda ghorofa baada ya ghorofa kuanzia Githurai hadi Makongeni. Mwenye ploti kwa kawaida huacha vyumba vya chini kwa ajili ya biashara, na humo mpangaji hukuta yote anayoyahitaji jioni: wakala wa M-Pesa, kinyozi, muuza chapati, na kibanda cha gemu.

Vibanda havikuzuka tu. Vilirithi vyumba, na mara nyingine mabenchi yenyewe, kutoka kwa vibanda vya video, ambako watu walilipa sarafu chache kutazama filamu za mapigano, na baadaye zile zilizosimuliwa upya na DJ Afro. Kulikuwa pia na kumbi za kutazama Ligi Kuu ya Uingereza. Kijana aliyekuwa amelipa kuiona Arsenal ikicheza Jumamosi alikuwa tayari, Jumapili, kulipa ili aichezeshe mwenyewe.

Kabla ya hapo gemu za kielektroniki alizozijua mtoto wa kawaida zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kile kijimashine cha mkononi cha kupanga matofali, nakala ya Tetris aliyoibuni Mrusi Alexey Pajitnov mwaka 1984. Ya pili ni nyoka wa simu za Nokia, ambaye kwa wengi alikuja na simu ya 3310 iliyotoka mwaka 2000. Gemu hizi hazikuwa na mjadala wa mbinu. Tofali huzungushwa, husogezwa, huangushwa. Nyoka hugeuka kushoto au kulia. Anayecheza amekwisha kuzijua mbinu zote kabla ya dakika ya tano, na kinachobaki ni kasi. Gemu inamsukuma, ndiyo, lakini inamsukuma juu ya kitu alicho nacho tayari mkononi, na huenda ndiyo sababu bibi na mjukuu waliweza kupokezana kifaa kimoja bila mafunzo yoyote.

PlayStation ilileta pedi yenye pembetatu, duara, mraba na eksi, na vitufe vinne zaidi mabegani. Toleo la pili la mashine, PS2, lilitoka Machi 2000 na likauzwa zaidi ya milioni 150 duniani; hakuna mashine ya gemu ya sebuleni iliyowahi kulipita. Vibanda vya Kenya viliishi kwa mashine hizo, nyingi zikiwa zimetumika kwingine kabla ya kufika, zimetiwa chipu ili zisome sahani za kunakili. Na gemu iliyowaketisha watu hapo ilikuwa ya mpira. Iliitwa Winning Eleven, jina la Kijapani la mfululizo wa kampuni ya Konami ambao Ulaya uliuzwa kama Pro Evolution Soccer. Hata sahani ilipoandikwa jina la Ulaya, midomoni mwa wengi ilibaki Winning.

Sheria ya kibanda ilikuwa fupi: unalipia mechi, na aliyefungwa ndiye analipa. Ilitoka kwenye meza za pool na ikahamia kwenye pedi bila kubadilika. Bei ilikuwa sarafu moja, shilingi 10 kisha 20 mahali pengi. Mechi zilipunguzwa dakika ili benchi lisonge. Mshindi hubaki amekaa, aliyeshindwa hutoa sarafu na kumpisha anayefuata.

Sheria hiyo ya maneno matatu ilifanya kazi ambayo hakuna mtengenezaji wa gemu aliyewahi kuipanga. Mgeni aliyefungwa mechi tano mfululizo kwa shilingi 20 aliacha shilingi 100 mezani, pesa za chakula cha mchana na nauli ya kurudi. Bingwa naye aliweza kucheza alasiri nzima bila kutoa chochote. Kwa hiyo karo ya kujifunza ililipwa na wanyonge, na waliokwisha kuhitimu walisoma bure. Gemu za mashine za sarafu za Marekani na Japani miaka ya 1980 zilimbana mchezaji kwa ugumu ili atie sarafu nyingine, lakini huko mnyonyaji alikuwa mashine. Ruiru na Thika kilichombana mchezaji kilikuwa jirani yake, mbele ya watu wanane waliomjua kwa jina.

Je, mbano huo uliwafanya vijana waive katika kila mbinu? Hapana. Uliwafanya waive katika chache, lakini waive kwelikweli.

Hesabu yake ni rahisi. Mtu ambaye kila kosa linamgharimu hajaribu jambo jipya katikati ya mechi. Kama anajua kwamba pasi ya kupenyeza kwa pembetatu, ikifuatwa na mbio za R1, kitufe cha begani, na shuti la mraba, huleta bao, atairudia mpaka apatikane wa kuizuia. Popote Pro Evolution Soccer 6 ya mwaka 2006 ilipochezwa, Adriano wa Inter Milan alijulikana: nguvu ya shuti lake ilikuwa 99, na mtu aliyemchukua hakuhitaji kujua mengi zaidi. Vijitabu vya maelezo vilivyofundisha chenga na namna za kupiga mpira wa adhabu havikuja na sahani za kunakili. Mbinu nyingi za gemu hiyo zilibaki kama vyumba vya nyumba ambavyo mpangaji hajawahi kuvifungua.

Pedi zenyewe ziliweka mipaka. Pedi ya kibanda hushikwa tangu asubuhi hadi usiku na mikono mingi, na kitu cha kwanza kufa ni kile kinachokandamizwa zaidi. R1 ikilegea, mawinga hawakimbii tena. Kijiti cha pedi kikianza kuvuta upande mmoja, chenga hazitoki. Mwenye kibanda hununua pedi nyingine akipata faida, na mpaka siku hiyo ifike watu wanacheza na vitufe vilivyo hai. Mtaalamu wa Tokyo au Vancouver aliyekaa kupanga chenga 30 za kijiti cha kulia alikuwa akimfikiria mchezaji mwenye kijiti kizima.

Hata hivyo benchi lilikuwa darasa. Asiyekuwa na sarafu aliruhusiwa kutazama, na kutazama hakukuwa na kodi. Mtoto aliyekaa hapo likizo nzima alijua ni lini beki hutoka nafasi yake na ni nani hupiga kona fupi, ingawa vidole vyake havikuwa vimegusa chochote. Ujuzi ulipita kwa macho na kwa kelele za nyuma. Jambo jipya likigunduliwa na mmoja, lilikuwa mali ya wote kabla ya giza kuingia. Historia ya gemu ina mifano mikubwa ya ugunduzi wa namna hii. Kampuni ya Capcom ilipotengeneza Street Fighter II mwaka 1991, uwezekano wa kuunganisha mapigo mfululizo bila adui kupata nafasi ya kujibu ulijitokeza kwa bahati, watengenezaji wakauona na kuuacha, na wachezaji ndio walioufanya kuwa msingi wa gemu zote za mapigano zilizofuata. Umahiri wa aina hiyo haukuagizwa na mtu. Ulitoka kwa watu waliokaa karibu karibu wakishindana.

Mtihani mkubwa ulikuja vibanda vilipoanza kuiacha Winning na kwenda FIFA. Kampuni ya EA ilikuwa ikitoa gemu hiyo tangu Desemba 1993, na mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii ilikuwa imempita mpinzani wake kwa ubora na kwa leseni za timu. Tatizo lilikuwa vidoleni. Katika Winning, mraba ni shuti na duara ni mpira mrefu. Katika FIFA ya kawaida, duara ni shuti na mraba ni krosi. Aliyeizoea moja kwa miaka mitano alijikuta akipiga krosi akiwa uso kwa uso na kipa. EA yenyewe iliweka chaguo la kubadilisha vitufe vifanane na vya Konami, na chaguo hilo dogo ndani ya menyu lilileta amani. Gemu iliyokubali ujuzi ambao mtu amekwisha kuulipia iliwapata watu ambao vinginevyo ingewapoteza.

Mwaka 2011 EA ilifanya kinyume chake. FIFA 12, kwenye mashine za kizazi cha PS3, ilibadilisha ulinzi. Hapo awali mchezaji alikandamiza kitufe kimoja na beki wake akamfuata mwenye mpira mpaka akampokonya. Mfumo mpya ulimtaka amzuie mshambuliaji kwa umbali, ampimie hatua, kisha achague mwenyewe wakati wa kutia mguu. Akikosea, amepitwa. Huu ndio mpira wenyewe, na kocha yeyote wa uwanja wa Thika angesema hivyo ndivyo beki anavyopaswa kucheza. Hata hivyo EA iliacha mlango wa nyuma: mfumo wa zamani ulibaki ndani ya menyu kwa anayeutaka. Mwaka uliofuata, FIFA 13 iliongeza michezo midogo ya mazoezi, na mchezaji aliweza kupiga penalti na pasi za kulenga huku akisubiri mechi ifunguke. FIFA 16 ikaenda mbali zaidi kwa kuonyesha chini ya mchezaji ni kitufe kipi kinafaa kwa wakati huo.

Mafunzo hayo yalikuwa mazuri, na yalipangwa kwa mtu aliye peke yake. Kibandani, dakika za kungoja mechi ifunguke ni za kuchagua timu, kubishana na kutafuta chenji. Anayetaka kufanya mazoezi ya peke yake anashikilia mashine isiyoingiza pesa, na mwenye kibanda ana kodi ya kulipa mwisho wa mwezi. Mashine nyingi pia zilikuwa bado PS2, na PS2 haikupata mapinduzi hayo. Konami na EA ziliendelea kuitolea gemu mpya za mpira hadi mwaka 2013, majina ya wachezaji yakibadilika huku mwili ukibaki ule ule. Kwa hiyo wakati vijana wa London walikuwa wakilaumu ulinzi mpya, wengi wa mitaa ya Kiandutu na Kihunguro walikuwa bado wanaukamilisha ule wa zamani.

Hapa inafaa kukumbuka kwamba Waafrika Mashariki walikuwa na jawabu lao la swali hili la mbinu kabla ya umeme. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na hatua ya kwanza, namua, ina kanuni zake kuhusu nyumba, kichwa na kimbi ambazo humtoa jasho mtu mzima. Alex de Voogt, Mholanzi aliyetoa tasnifu yake kuhusu umahiri wa bao mwaka 1995, aliwachunguza mabingwa wa Zanzibar na kukuta watu wanaoona mbele mizunguko mirefu ya kete bila kugusa ubao. Anayeanza hatupwi kwenye maji hayo. Amewekewa bao la kujifunza: kete zote ziko ubaoni tangu mwanzo, mbili kila shimo, na namua haipo kabisa. Ubao ni ule ule, wazee ni wale wale, ila mlango ni mwingine. Akitaka, atacheza hilo maisha yake yote na hakuna atakayemfukuza barazani. Akitaka la Kiswahili, njia iko wazi mbele yake na kila siku anaiona ikichezwa. Wagikuyu wa pande za Kiambu nao walikuwa na giuthi, mchezo wa mashimo na mbegu ambao wachungaji waliweza kuuchimba ardhini, na mtoto aliujua kwa kukaa kando ya wakubwa.

Gemu za mapigano zinaonyesha jinsi mlango kama huo wa kuanzia ulivyo na thamani. Tekken ilikuwa ya pili kwa mpira katika vibanda vingi, na hakuna gemu iliyo mbali zaidi na nyoka wa Nokia. Kila mpiganaji ana mapigo zaidi ya 100. Mgeni hupiga vitufe ovyo na mara nyingine humshinda anayejua kiasi, jambo linalolifurahisha benchi lote; lakini akikutana na aliyeiva hapati hata sekunde moja ya kupumua. Kutoka Kenya alipatikana aliyeiva hasa: Sylvia Gathoni, anayejulikana kwa jina la QueenArrow, Mkenya wa kwanza wa kike kuchezea timu ya kimataifa ya gemu. Ni jambo la kutafakari kwamba mchezaji huyo ni mwanamke, kwa sababu kibanda cha kawaida cha barabara ya Thika kilikuwa chumba cha wavulana. Msichana aliyekaa kwenye benchi lile aliulizwa amekuja kumtafuta nani. Mbano wa aliyefungwa kulipa uliwanoa waliokubaliwa kuingia, na nusu ya mtaa haikukubaliwa. Hasara hiyo ni kubwa kuliko sarafu zote zilizopotezwa na wanyonge wa Winning, na kila anayeusifu ukali wa kibanda anapaswa kuihesabu.

Watengenezaji wa gemu za mapigano wameanza kulegeza kamba. Street Fighter 6, ya Juni 2023, ina namna mpya ya kutumia vitufe ambapo pigo gumu hutoka kwa kitufe kimoja, na anayeichagua hulipia wepesi huo kwa kupoteza sehemu ya nguvu na ya mapigo yake. Tekken 8, iliyotoka Januari 2024, inamruhusu mchezaji kuwasha vitufe vya msaada katikati ya pambano. Wakongwe walinung'unika. Lakini ndani ya chumba cha shilingi 20, chaguo kama hilo lingemfanya mgeni acheze mechi kumi kabla ya kukata tamaa badala ya mbili, na katika mechi hizo nane za ziada ndipo mtu huanza kuuliza yule bingwa anafanyaje.

Kibanda, kilichoishi kwa sarafu ya shilingi 20 iliyoanza kutumika Kenya mwaka 1998, kilikuja kupata mshindani mbaya. Katikati ya miaka ya 2010 mashine za kamari kutoka China zilienea madukani na vibandani nchi nzima, zikimeza sarafu hiyo hiyo. Mwaka 2018 serikali, ikiongozwa na Waziri wa Usalama wa Ndani Fred Matiang'i, ilizikamata na kuziteketeza kwa maelfu. Wazazi wengi waliziweka pamoja na gemu za PlayStation katika kapu moja la maovu, na polisi nao mara nyingi hawakutofautisha. Tofauti ilikuwepo, na inahusu jambo linalozungumzwa hapa. Mashine ya kamari haina mbinu ya kujifunza. Mtu anaweza kuiingizia sarafu kwa miaka kumi na siku ya mwisho asijue zaidi ya siku ya kwanza. Kijana aliyefungwa na Adriano aliondoka bila sarafu yake, lakini aliondoka akijua kwamba lazima amzibe mapema.

Machi 2020 maradhi ya korona yalifunga shule na kumbi za burudani, na kafyu ikaanza tarehe 27 mwezi huo. Vibanda vikafungwa, na gemu zikahamia simu. Zilikuwa zimeanza kuhama hata kabla. Konami iliacha jina la Pro Evolution Soccer mwaka 2021 na kuanza kutoa eFootball bila malipo, kwenye mashine na kwenye simu. EA ikaachana na jina la FIFA mwaka 2023. Katika matatu kutoka Githurai hadi Thika sasa utamkuta kijana anacheza mechi nzima kwa vidole gumba viwili juu ya kioo.

Simu imempa kile ambacho kibanda kilimnyima: muda wa kukosea bure. Anaweza kurudia chenga moja mara 100 akiwa kitandani na hakuna anayemdai. Imemwondolea pia benchi, na pamoja na benchi wale waliomwonyesha kosa lake kwa kelele. Na karo haikufutwa, imebadilishwa mahali. Zamani ililipwa na asiyejua. Sasa inalipwa na asiyekuwa na subira, kwa kununua wachezaji wenye nguvu kwa M-Pesa. Katika gemu ya namna hii, suala la kuwalazimisha watu wamudu mbinu hudhoofika, maana mwenye pesa anaweza kuipita mbinu kwa juu. Kibanda, pamoja na dhuluma zake, hakikuwa na njia ya kununua ushindi. Timu zote zilikuwa kwenye sahani moja, na aliyemtaka Adriano alipaswa tu kuwahi kumchagua.

Wakenya nao wanatengeneza gemu. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, miongoni mwa gemu za kwanza za pande tatu kutoka kusini mwa Sahara, na Andrew Kaggia akatoa Nairobi X mwaka 2015. Wanaowafuata, baadhi yao wakiwa wanafunzi wa kompyuta hapo Juja, wana darasa la miaka 20 nje ya geti la chuo, na linawadai mambo mahususi. Uwanja wa mazoezi ufunguke kwa sekunde chache, mtu aweze kuutumia akiwa bado anangoja mpinzani. Ujuzi aliouleta mchezaji kutoka gemu nyingine uheshimiwe katika mpangilio wa vitufe. Kuwe na namna rahisi kwenye ubao ule ule wanakocheza mabingwa, isiwe kwenye chumba cha pembeni ambako mwanafunzi hamwoni anayejua. Na gemu ikitaka kumsukuma mtu ajifunze mbinu ya kumi, imwekee adui ambaye ni raha kumshinda kwa mbinu hiyo, bila kumfungia njia yule aliyebaki na mbinu tatu na betri ya asilimia 15.

Vibanda bado vipo. Vingi sasa vina PS4, skrini bapa badala ya televisheni za mgongo, na bei kwa saa kando ya bei kwa mechi. Bei hiyo ya saa ni mabadiliko makubwa kuliko yanavyoonekana: watu wawili wanaolipa saa moja kwa pamoja wanaweza kuisimamisha mechi, kurudia mpira wa adhabu mara saba, na kufungua menyu ya mazoezi bila mtu kuwapigia kelele. Katika saa kama hizo ndipo marafiki huonyeshana chenga za kijiti cha kulia, ambazo katika kizazi cha Winning wachache walithubutu kuzijaribu kwa shilingi 20.